Mkunga wa Mbegu Zisizoamka

Saa mbili asubuhi, Mkunga anafunua karatasi yenye unyevu na kuanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu. Siku saba zilizopita alilaza hapo kunde mia moja. Anahesabu, anarudia, kisha anaandika idadi ya zilizoota: 31.

"Mwaka jana zilikuwa 58," anasema. "Zinatuacha hizi."

Wenzake walimbandika jina hilo la Mkunga kwa sababu, kwa miaka 26, kazi yake katika kituo hiki cha utafiti wa kilimo imekuwa kupima kama mbegu zilizohifadhiwa bado zinaota. Zikishuka chini ya 85 kwa mia, sharti zipandwe, zivunwe upya. Sheria ipo, shamba halipo. Wafadhili wa nje waliandika kwamba vipaumbele vyao vimebadilika, serikali ikaahidi kuziba pengo, na pengo bado linapiga miayo. Vyumba vitatu vya baridi vimezimwa. Kati ya wafanyakazi 19, wamebaki wanne.

Mumewe, fundi baiskeli, hakosi la kusema. "Nilimwambia, mtegemea cha ndugu hufa maskini. Akanijibu, hao si ndugu, hao ni wafadhili!" Anacheka peke yake.

Kunde hizi zilitoka kwa mama yake Mkunga. Kijijini hapakuwa na nyingine zilizovumilia ukame kama hizo. Mkunga ndiye aliyezileta kituoni, na ndiye aliyemshauri mama, mwaka wa njaa, akiba iliyobaki chunguni ipikwe.

"Nilimwambia, 'Mama, pikeni tu, kule kituoni zipo salama.' Majirani nao wakapika za kwao. Nani angebishana na mtu wa kituo?" "Mama amekufa akiniamini."

Inauma kumsikiliza. Hata mimi ningemwambia mama yangu hivyo hivyo.

Mbegu mia hizo zilikuwa za mwisho katika kopo la akiba kituoni. Aliona bora zijaribu kuota kuliko zifie humo. Leo anazitia zile 31 kwenye mfuko wa mkate, akazipande nyuma ya jiko lake na kuzimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Mkuu wa kituo anamwona, anageukia dirishani. Zilizoota mwaka jana alizipanda hapo hapo, zikaishia kwa kuku.

"Zamu hii nimezungushia wavu. Zikizaa, hata moja hairudi hapa. Kila jirani nitampa kiganja kimoja aweke kwake, na nitamkataza kuzipika hata mtoto akilia."

Na zisipozaa? namuuliza.

Anafunga mfuko, anaufungua, anazitazama tena.

"Usiniulize hilo, mwanangu."