Mjomba Aliyeogopa Kisima

Mjomba wangu alikuwa mwoga, na sisemi hivi kumvunjia heshima, mwenyewe alikiri. Aliogopa sindano, ngazi, radi na jogoo mmoja wa jirani. Ukimcheka, alikujibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, kisha akavuka njia kumkwepa jogoo.

Alifanya kazi ya visima, lakini juu, penye mwanga. Mchimbaji alishuka, yeye alibaki ukingoni na kamba inayopita kwenye kapi, akipandisha ndoo za udongo na kushusha tupu. Miaka ishirini na miwili, na chini hakuwahi kutia mguu.

Mchimbaji wake tulimwita Fuko, kwa kuishi kwake ardhini. Alikuwa hodari wa mikono na mchafu wa mdomo. Siku moja ndoo ya mawe ilichomoka kwenye kamba ikamvunja kibarua mguu. Fundo lile alikuwa amelifunga Fuko mwenyewe. Lakini Fuko aliapa mbele za watu kwamba Mjomba ndiye aliyeachia kamba kwa woga, na nani angemwamini mwoga? Mjomba alikaa mwaka mzima bila kazi, akinyooshewa vidole hadi kanisani. Aliitwa tena kwa sababu tu hakupatikana mwingine mwenye subira ya kushika kamba kutwa. Yeye alisamehe. Mimi sikusamehe, na hata sasa nikiandika haya nasaga meno.

Asubuhi ile walikuwa wanachimba kisima nyuma ya kanisa. Mama na mimi tulikuwa ndani tukipiga deki. Maji yalikuwa yamejaa chini, wakaleta mashine ya petroli ya kuyavuta, ila bomba lake lilikuwa fupi. Badala ya kutafuta jingine, Fuko aliishusha mashine yenyewe kisimani, ikakaa juu ya ubao ikinguruma saa nzima. Ilipozimwa na kutolewa, aliteremsha taa kupima hewa, kama wachimbaji wote wafanyavyo: taa ikizimika, hushuki. Taa iliwaka vizuri. Lakini moshi wa mashine ya petroli hauzimi taa, unazima watu.

Fuko akashuka kwa kukanyaga vishimo vya ukutani. Tulimsikia akikohoa, halafu tukasikia mtu akianguka majini. Tulipofika mbio, Mjomba alikuwa amelala kifudifudi ukingoni akiita, na kisima hakijibu. Fundi mwashi, aliyekuwa akijenga ukingo, alikuwa ameshapiga simu zimamoto.

"Asimfuate mtu," mwashi alisema. "Mnaijua kanuni. Anayemfuata mwenzake ndiye anayekufa."

Mjomba akaanza kujifunga kamba kiunoni. Fundo lilimshinda mara mbili.

"Kaka, usishuke!" Mama alilia. "Zimamoto wanakuja."

"Wanakuja saa ngapi?"

Mama alimshika mkono asifunge.

"Naogopa, dada. Lakini Mungu hakukaa juu akingoja tupande wenyewe."

"Mjomba, huyo ndiye aliyekusingizia!" nilipiga kelele. Nilitaka Fuko abaki huko huko. Nasema kweli, nilitaka.

"Najua, mwanangu. Shika kamba. Hesabu hadi arobaini, kisha vuteni, hata nisipoita."

Alivuta pumzi ndefu akashuka. Niliona upara wake ukizidi kuwa mdogo, halafu giza likaufunika. Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Kumi na tano. Kamba ililegea mikononi mwangu, nami sikujua kama amefika au ameanguka. Ishirini na sita. Maji yalisikika yakichapwa. Mama aliomba kwa haraka, maneno yakipandana. Thelathini na moja. Kimya. Nilitaka kuruka namba, nikaogopa kumvuta kabla hajawa tayari.

"Arobaini!"

Tulivuta watatu, kapi likilia, kamba ikituchuna ngozi. Ilikuwa nzito, nami nikamshukuru Mungu kwa ule uzito. Kichwa kikatokea. Kilikuwa na nywele nyingi, zimejaa tope.

Mjomba alikuwa ameivua kamba kiunoni, akamfunga Fuko.

Tuliishusha tena upesi. Ilifika chini ikalala. Mama alimwita kwa jina lake la utotoni, tena na tena, kisha akaanza kujifunga yeye, hadi mwashi akamkumbatia kwa nguvu na kumwangusha chini. Zimamoto walifika na mitungi yao ya hewa. Walimtoa akiwa amekufa.

Fuko alipona. Siku ya mazishi alisimama akasema habari ya lile fundo, yote, mbele ya yule kibarua aliyevunjika mguu. Tangu hapo kila Jumamosi huja kumchotea Mama maji. Mama humpokea. Mimi nilikuwa nafunga mlango wa chumba changu nisiione sura yake, na kwa miezi minane sikumwamkia, mtu wa umri wa baba yangu.

Jumamosi iliyopita Mama hakuwepo. Fuko alibisha hodi, nami nikasimama nyuma ya mlango, nikiogopa kwamba nikifungua, hasira yangu itaondoka na sitabakiwa na chochote cha Mjomba.

Nikafungua.

"Shikamoo," nikasema.

Alitua ndoo chini. "Marahaba," akaitikia. Nikashika ndoo upande mmoja, yeye akashika upande wa pili, tukaiingiza ndani.