Mkono wa Mjusi

Juzi niliona kwenye simu mtu akieleza kwamba mjusi wa ndevu, akiwa bado mdogo, huinua mkono mmoja na kuupunga polepole anapoogopa. Maana yake ni: mimi dhaifu, usiniumize.

Mimi nilidhani anasalimia.

Wangu nilipewa utotoni na Madamu, ambaye mama alimfulia na kumpigia pasi kule mtaa wa Mutanga Sud. Alituambia anakwenda likizo. Sanduku lake la kioo lilinuka vumbi na panzi waliokufa. Nililisukuma hadi juani pale uani kwetu, nikainama, na mjusi akanipungia.

"Mama, anatusalimia!"

"Basi umuitikie, ni mutoto kama we."

Nikampungia mchana kutwa, uso wangu mkubwa nimeubandika kwenye kioo.

Kisha gari la Madamu likasimama getini, injini ikinguruma, mbwa wake amekaa kiti cha nyuma. Alishusha kioo kidogo tu.

"Mama Aline, mi sirudi tena. Kazi imeisha. Courage, jipe moyo!"

Gari lilipoondoka, mama aliinua mkono mmoja, akaupunga polepole, huku akitabasamu.

Nikadhani anaaga.