Fimbo ya Bibi na Kisanduku cha Kunukuu

Enzi zetu sisi watoto wa Ngara, jamani, maneno ya mtu yalikuwa na mwenyewe! Nawaambia ninyi wenzangu wa jukwaa hili, mliocheza rede mpaka vumbi likawa losheni, mliofukuza senene asubuhi ya ukungu huku meno yakigongana kwa baridi.

Nyumbani kwetu, bibi akinituma kwa jirani alinipa fimbo yake. Nafika, naamkia shikamoo, naishika sawasawa: "Bibi anasema mbuzi wako akirudi tena kwenye migomba yake, atamla na pembe." Jirani hanikasirikii, anajua aliyesema ni mwenye fimbo. Kisha naiegemeza ukutani, naanza yangu: naomba ndizi moja mbivu. Na napewa!

Shuleni fimbo ilikuwa ya mwalimu tu. Nipo darasa la tano, tumepanga foleni ya maharage, moshi wa kuni unatutoa machozi, nikasema, "Leo yamekuwa machache." Basi, hayo tu. Adventina, tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja, akaenda kwa mwalimu mkuu akamwambia kwamba mimi, Generoza, nimesema maharage ni machache kwa sababu mwalimu anayauza Rusumo. Nusu yangu, nusu yake, kayamwaga kwenye sufuria moja. Nikachapwa mstarini, nikafukuzwa. Baba akasema mdomo huo ukalime, na shule yangu ikaishia hapo. Deo alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, alisikia kila kitu, akanyamaza. Nawataja wote wawili, sifichi.

Sasa juzi humu humu, kwenye uzi wa vyakula vya shule, Adventina kaandika mwenyewe: "Yale ya Rusumo niliyaongeza mimi. Nilitaka mwalimu aniamini." Mwenzenu niliruka kitandani! Miaka yote hiyo! Lakini kabla sijajibu, Deo, yule yule, akayakopi maneno hayo, akaandika jina langu, akayabandika chini yake bila alama ya kuonyesha ni ya nani, akamalizia kwamba mdomo wangu bado haujapona. Vijana wa siku hizi mnawajua, wanasoma mstari wa mwisho tu na hukumu wameshatoa. Wakaanza kunishukia: kumbe ulimsingizia mwalimu wa watu. Mmoja akaniambia, "Anti, omba msamaha yaishe." Niombe mimi!

Nikasema safari hii sifukuzwi. Nikabonyeza kila kitu kwenye simu hiyo mpaka nikakipata kitufe cha kunukuu. Unakibonyeza chini ya maneno ya mtu, yanaingia kwenye kisanduku cha kijivu, na jina lake juu. Mara ya kwanza nikaandikia humo humo ndani, ikaonekana Adventina ndiye anayemtukana Deo. Nikafuta mbio. Mara ya pili nikashuka chini ya kisanduku, nikaacha nafasi, nikaandika: "Hayo ya juu ni ya Adventina. Yangu ni haya: nilisema yamekuwa machache."

Halafu Adventina akaja: "Ni yangu, Gene. Nimekukosea, dada." Wakafuata wengine na pole zao, hata yule wa anti. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu! Deo tangu hapo hajaonekana, nasikia yuko Biharamulo na bando analo.

Naipenda zamani yetu, msinielewe vibaya. Maharage yale ya kuni hayapo tena, na watoto wa sasa wakitumwa hata kwa jirani wanapiga simu. Ila zamani neno likishatoka kwenye foleni, hakuna aliyeweza kupanda juu akalisoma lilivyosemwa. Leo mtoto wa darasa la tano anaweza, ana kitufe chake. Mimi kimenifikia vidole vimeshaota sugu za jembe.