Jiwe Lililofukizwa Udi

Shule niliiacha darasa la nne, na leo chuma chakavu cha Pangani hakiuzwi bila kupita kwenye mizani yangu. Kwa hiyo mkulima wa Mwera aliponiletea jiwe jeusi, zito kuliko umbo lake, akaapa limeangukia muhogo wake, sikumuuliza mtu. Nilitangaza kijiweni: "Hili limetoka mbinguni!"

Muuza kahawa, ambaye tuliingia naye jando moja, akacheka. "Mbinguni wapi? Hiyo taka ya tanuru la chuma."

Tukawekeana sharti: atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo kila asubuhi, mbele za watu. Mimi nimwamkie yule! Bora nivuliwe kanzu sokoni.

Nikamwita mtaalamu wa mawe, binti wa Kisambaa anayefundisha chuo. Mgeni wa heshima haonyeshwi kitu kichafu, basi nikalisugua jiwe kwa mafuta ya nazi, nikalinyunyizia marashi, nikalifukiza udi.

Binti akalinusa. "Shikamoo, baba. Mbona linanukia harusi?"

"Marahaba. Nimelipamba."

Akashika kichwa. Kumbe yeye hatafuti kilichojaa kwenye jiwe. Anatafuta elementi zilizomo kwa uchache mno katika kila punje ya madini, kama kijiko cha chumvi kilichomwagwa mto Pangani. Uchache huo ndio unaosema punje ilizaliwa wapi.

"Na wewe umeniongezea nazi na udi," akasema.

"Kwa hiyo nimeshindwa?"

"Labda ndani hukufika. Nilivunje?"

Jiwe zima lilikuwa pambo la duka langu. Lakini shikamoo! "Vunja, mwanangu."

Ndani mlijaa vidonge vya mviringo, vidogo kama mtama. Akachukua vipande kwa koleo safi, akaondoka. Wiki zile zote nilipita njia za uani, nisionane na yule wa kahawa. Kisha binti akapiga simu: mchanganyiko wa punje zile si wa tanuru wala wa jiwe lolote la hapa. Zilikuwepo kabla dunia haijawa dunia.

Nikaenda kijiweni kifua mbele. Muuza kahawa hakubisha hata kidogo. Aliweka birika chini, akainama mpaka kofia ikamdondoka.

"Shikamoo, babu!"

Tangu hapo ananiamkia kwa sauti ya kunadi samaki, hata kwenye pantoni, nami naitikia kwa raha zangu. Ila juzi yule mjane wa ng'ambo, ambaye kwa ajili yake nimeanza kupaka nywele piko, alininyanyukia kitini. "Shikamoo, babu. Karibu ukae."

Nikakaa. Ningefanyaje, na mshindi ni mimi?