Mwalimu Wangu Alikuwa Mke Wangu, Nami Nikampasua Sikio

Mkosaji katika habari hii ni mimi. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia ukifika katikati, maana kuna mahali nami nilipigwa, na mtu akipigwa huonekana kama ameonewa. Sikuonewa.

Yalitokea Gisenyi, mji wa mpakani, mwishoni mwa miaka ya tisini. Waasi walikuwa wakishuka kutoka milimani, na mlio wa bunduki tulikuwa tumeuzoea kama wengine wanavyozoea mvua. Wako wanaume wanaosema vita ndiyo iliyowaharibu mikono. Mimi sisemi hivyo. Mkono wangu ulikuwa mwepesi tangu Tanzania nilikokulia, kabla sijaiona hata nchi ya wazazi wangu.

Nilikuwa karani wa ghala karibu na Grande Barrière, mpaka mkubwa wa kwendea Goma, mji wa nchi ya jirani. Nikasikia kampuni moja ya bima na akiba inatafuta washauri, watu wa kukaa na mfanyabiashara au mjane na kumweleza namna ya kuweka fedha zake zisipotee. Kwa watu wetu, waliokwisha kupoteza kila kitu, niliona hiyo ni kazi ya heshima. Niliitaka sana. Lakini hufanyi kazi ile bila kibali, na kibali hupati bila mtihani. Kujibu ungeweza kujibu hata kwa Kinyarwanda, ila kitabu cha kusomea kilikuwa cha Kifaransa kitupu.

Kifaransa mimi nilijua bonjour na merci, basi. Aliyekijua ni mke wangu. Nitamwita Mama Diane, ingawa binti yetu haitwi Diane. Alizaliwa Goma, akasoma kwa masista mpaka akamaliza, kisha akaolewa na mimi, akaanza kuvusha viazi na kabichi kwenye Petite Barrière, ule mpaka mdogo wa wachuuzi na wapagazi.

Kila alasiri akirudi ananawa miguu, anaketi mkekani, anafungua kitabu. Anasoma Kifaransa, anakigeuza kwa Kiswahili chake cha Goma, nami naandika. Tulikwenda hivyo miezi mitatu. Kitabu kilikuwa cha kuazima, tukakirudisha. Likabaki daftari, na ndani yake maneno yake yote kwa mwandiko wangu.

Sasa sikia upumbavu wangu. Badala ya kumshukuru nilikuwa naona haya. Pale baa ya Mbugangari rafiki zangu walishajua, na kila nikiingia mmoja ananiuliza, "Bwana, leo darasa iko wapi? Jikoni?" Wenzake wanacheka, nami nacheka nao.

Jumapili moja nikabeba daftari nikaenda nalo baa, nikalifungua juu ya kaunta, nikajifanya nasoma peke yangu. Nilitaka wanione. Nikanywa, nikabishana habari za mpira, nikaondoka.

Jumatatu daftari halipo.

Moyoni nilijua pa kuuliza. Lakini kwenda baa kuuliza ni kukiri kwamba nililisahau mwenyewe, kwa hiyo sikwenda. Nikaigeuza nyumba juu chini. Nikapiga teke kigoda mpaka mguu wake ukavunjika. Mtoto akakimbilia kwa jirani. Mke wangu akasema polepole, "Papa Diane, dimanshe, ile Jumapili, ulitoka nayo. Uliirudisha kweli?"

Nikamrushia chupa ya chai. Ilimkosa, ikapasukia ukutani. Akaokota vipande kimoja kimoja, nami nikaona ni dharau. Siku tatu nzima nyumba yetu ilikuwa ya vishindo, mimi nikibamiza milango na yeye akipita kando ya ukuta. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Alhamisi adhuhuri nilitumwa Petite Barrière. Watu walikuwa wamejaa, mizigo vichwani, kila mtu anasukuma. Nikamwona mke wangu amechuchumaa, kikapu chake miguuni, mbele ya mama muuza karanga. Kikapuni karanga zimefungwa kwenye karatasi, zile pembe ndogo wanazouzia. Na juu ya karatasi zile kuna mwandiko wangu!

Nilichokiona kichwani mwangu ni hiki: amelichana daftari, amefanya biashara na mtihani wangu, amenilipizia chupa ya chai. Aliponiona akainuka, na naapa alikuwa anatabasamu.

"Papa Diane," akasema, "ngoja nikuambie..."

Sikungoja. Nilimpiga kofi kwa kiganja kizima, upande wa kushoto, kwa nguvu zote za siku tatu zile. Akayumba. Nikampiga tena palepale. Akaangukia mawe meusi ya volkano, nami nikamfuata chini na mateke. Nikapiga kikapu, karanga zikatawanyika. Watu wakapiga kelele, nami nilikuwa nasikia sauti yangu tu ikimwita mwizi. Nilimwita mwizi mbele ya watu aliokuwa akifanya nao biashara kila siku.

Aliyenishika shati ni yule mama wa karanga. "We baba, unamuua bure," akasema. "Hizi zote amenunua kwangu. Tangu asubuhi iko nanunua, iko nafungua, iko nanyoosha karatasi. Nilimuambia hata, karatasi ilitoka ku baa ya Mbugangari. Anasema ni ya bwana yake."

Nikatazama ndani ya kikapu. Chini, chini ya kitenge alichokikunja, kulikuwa na karatasi zilizonyooshwa na kupangwa vizuri, moja juu ya nyingine.

Sikupata nafasi ya kupiga magoti. Ndugu yake Safari ni mpagazi pale mpakani, na alikuwa ameshatua gunia lake. Hakunitukana. Alinipiga kichwa kimoja cha pua, nikaenda chini, akakaa juu ya kifua changu. "Muramu," akasema, maana hata wakati ule aliniita shemeji, "nipe hiyo mukono yenye ilipiga."

Akaushika mkono wangu wa kulia, akaugandamiza juu ya jiwe, akaukanyaga kwa kisigino. Nikasikia kidole kinavunjika. Akanyanyua mguu, akakanyaga tena.

Ndipo mke wangu aliposema. Alikuwa ameketi chini, ameshika sikio, damu inapita katikati ya vidole vyake. "Safari, acha mukono," alisema. "Iko na mtihani."

Nimepigwa na watu wengi maishani, lakini hakuna kipigo kinachonirudia kama maneno yale. Safari akaniacha. Akambeba dada yake mgongoni, wakavuka kwenda Goma, na askari wa mpaka hawakuwauliza kitu.

Nilibaki nafungua pembe za karanga kwa mkono mmoja. Karatasi zilikuwa na mafuta na chumvi. Moja ilikuwa na sentensi niliyoiandika vilevile alivyoitamka, kwa sababu siku ile nilikuwa nimechoka kusanifisha Kiswahili chake, na conseiller ndiye mshauri: "Conseiller anasikiliza kwanza, kiisha anasema." Nilikaa na karatasi ile mpaka soko likaisha.

Daktari wa Goma alisema ngozi ya ndani ya sikio imechanika na sikio lile halitasikia tena. Habari hiyo niliipata kwa mke wa Safari. Mimi sikuruhusiwa kukanyaga kwao.

Mtihani nilikwenda, na vidole viwili vimefungwa kwenye kijiti. Niliandika kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha tukaulizwa kwa mdomo, mmoja mmoja. Mzee mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Mteja ameingia, amechanganyikiwa, analia. Wewe unaanza na nini?"

Nikajibu, "Ninasikiliza kwanza, kisha ninasema."

Alipendezwa. Akaandika kitu. "Vizuri sana. Nani alikufundisha?"

Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, na kwangu mimi ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu safari hii sikuwa na hasira. Nilisema, "Nilijisomea mwenyewe."

Nikafaulu.

Wazee wa pande mbili walikaa, nikaomba msamaha mbele ya watu, nikapeleka bia na nilichoweza. Mama Diane akarudi. Alisema wazi amerudi kwa ajili ya mtoto. Sijamgusa tena tangu siku ile, lakini sitaki sifa kwa hilo, ni kama mtu kujisifu kwamba leo hajaiba.

Sasa nina kibali, kimetundikwa ukutani. Watu wanakuja kunieleza siri zao, nami nakaa kimya nawasikiliza, wanasema sina mfano. Mpakani mke wangu humgeuzia mteja sikio la kulia, lililo zima. Nyumbani, tukila, huketi kuume kwangu, sikio la kushoto likinielekea. Nilidhani ni kiti tu kilivyokaa. Nikahamia upande wa pili wa meza. Kesho yake alihamisha kiti chake, sikio lilelile bovu likinielekea.

Siku moja nilimwandikia kwenye karatasi: ulitaka kuniambia nini siku ile? Aliisoma, akafungia chumvi.

Ndugu yangu unayesoma hapa, hasa wewe unayejijua kwamba mkono wako ni mwepesi: mwenzako akianza kusema, mwache amalize. Usijidanganye kwamba utamwuliza baadaye. Mimi nimehamisha kiti mara tatu sasa, na kila mara naye anahamisha chake.