Baba Yangu Alisahau Kwamba Amesamehewa

Baba alianza kuniita kwa jina la dada yangu mwaka ule nilipomhamishia kwangu Gahanga, nje kidogo ya Kigali. Mwanzoni sikumsahihisha. Wazee wengi huchanganya majina ya watoto wao, na mimi na dada tumefanana paji la uso na hata sauti. Kisha asubuhi moja, nikiwa nampa uji, alinishika mkono kwa nguvu hadi uji ukamwagika kwenye shuka. Akasema, "Mwanangu, sikuja makaburini. Nisamehe."

Nilijua makaburi anayoyasema. Nilikuwepo.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alikulia Karagwe, Tanzania, kama wakimbizi wengi wa rika lake, na sisi tulizaliwa hukohuko. Tuliporudi Rwanda alipata kazi ya kutunza stoo katika ofisi moja mtaa wa Kiyovu, lakini kazi aliyoipenda ni ya Jumamosi, kufundisha darasa la kipaimara. Aliwakaririsha watoto amri zote kumi na maelezo yake. Kisha aliwaambia kwamba sheria inamuua mtu kwanza, ndipo neema inamfufua, na asiyekubali kufa hana cha kufufuliwa. Nami nilipita katika darasa hilo. Nyumbani kwetu ile sehemu ya kwanza niliiona karibu kila siku. Ya pili sikumbuki kuiona.

Dada alinizidi miaka mitano. Alifundisha shule ya chekechea, aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na mwaka nilipotimiza kumi na saba alipata mimba ya mwanamume ambaye hakumuoa. Aliniambia mimi peke yangu, tukiwa tunachagua maharage uani.

Kwa miaka mingi nimesimulia kilichofuata kwa namna moja. Nimesema Baba alinishuku, akaniuliza, nami sikuweza kusema uongo kwa sababu uongo ndio dhambi iliyochapwa zaidi kwetu. Nilimwambia hivyo mume wangu kabla hatujaoana. Niliwahi kuyasema hayo mbele ya akina mama wa kanisa kama ushuhuda, na wengine walilia. Si kweli. Baba hakuniuliza kitu. Ilikuwa Jumamosi alasiri, anapiga pasi shati lake jeupe la Jumapili, nami nikaja nikasimama mlangoni nikasema, "Baba, dada ana mimba."

Aliisimamisha pasi. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

Wiki ile dada alikuwa amechaguliwa kuongoza kwaya, na mimi nilikuwa nimeambiwa nisiimbe peke yangu tena kwa kuwa sauti yangu inateleza. Nimetafuta sababu kubwa zaidi ya hiyo na sijaipata.

Baba angeweza kunyamaza. Lakini kesho yake alilipeleka jambo lile mwenyewe kwenye baraza la wazee, na Jumapili iliyofuata jina la dada likasomwa kanisani. Alitengwa na Meza ya Bwana na kwaya mpaka asimame mbele ya watu na kutubu. Hakusimama. Aliendelea kuja kila Jumapili, tumbo likikua, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Siku moja mezani Baba alimuuliza anangoja nini.

"Kwa Mungu nimeshatubu, Baba," alisema. "Kwa kwaya sitatubu."

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati akaishi siku mbili. Kanuni za kanisa letu zilisema aliyetengwa hafanyiwi ibada ya mazishi, yeye wala mtoto wake. Baba alizijua kwa sababu alikuwa mmoja wa waliozitunga. Mchungaji wa wakati ule alikuwa mtu mpole, angekuja kama angeombwa, na wa kumwomba alikuwa Baba. Hakumwomba. Tulikwenda Mama, mimi, dada na majirani wawili. Mama aliomba maneno machache, jirani akamalizia. Tuliporudi tulimkuta Baba sebuleni amekaa kitini, amevaa koti na viatu, kofia iko magotini. Tulimpita tukaingia jikoni. Mwezi huohuo dada alihamia Mbarara, Uganda, na tangu hapo alikuja Kigali mara moja tu, kumzika Mama. Aliondoka jioni ya siku hiyo.

Kwa hiyo asubuhi ile Baba aliponiomba msamaha, na uji ukichirizika kwenye shuka, nilifanya jambo lililonijia haraka. Nilisema, "Nimekusamehe, Baba."

Alilia kama mtoto. Alinibusu mikono. Alikula uji wote, akaomba mwingine, akaimba beti mbili za wimbo wa Karagwe ambao nilikuwa sijausikia tangu utotoni. Nilikwenda kufua na kuanika shuka nikiwa na furaha niliyoionea aibu. Nilipoingia ndani kumpelekea chai alininyooshea mkono. "Mwanangu, sikuja makaburini."

Ikawa hivyo kila siku. Mara tatu, mara nane. Nilisamehe kwa jina la dada wakati nampa dawa, wakati namkata kucha, wakati nimechelewa kazini na dereva wa pikipiki ananingoja getini. Furaha yake ilikuwa mpya kila mara, na hofu yake pia. Furaha ndiyo iliyopungua kwanza. Baada ya miezi michache alikuwa akisikia neno la msamaha, anatulia kidogo, kisha uso unaanza kutafuta tena.

Mama wa Kirundi aliyenisaidia kumtunza, Mkatoliki, alikuwa akija jikoni kuniita. "Mama, muzee iko analia tena. Anakutafuta." Siku moja alisimama pale akitazama sufuria ikichemka. "Kwetu mutu anaenda kwa padiri, anasema yote, anapewa sala, inaisha," alisema. "Huyu muzee wenu, nani atamwambia imeisha?"

Tulimpeleka Ndera, hospitali ya magonjwa ya akili. Daktari alizungumza naye kwa upole, kwa muda mrefu, kisha akazungumza nami nje ya mlango. Alisema ugonjwa huu unaanza kufuta ya juzi na jana, yale ya zamani yanachelewa kufutika, na kwamba dawa ingemsaidia kulala tu. Nilimuuliza kama kuna njia ya kumfanya akumbuke jambo moja, moja tu. Alinitazama kwa huruma, akasema hapana.

Mchungaji wetu wa sasa alikuja kumtembelea. Ni kijana, amesoma. Nilimweleza kila kitu isipokuwa habari ya pasi na shati. "Neema haitegemei kumbukumbu ya mtu," alisema. "Mungu anakumbuka kwa niaba yake."

"Naamini, Mchungaji. Lakini yeye anateseka sasa hivi. Saa tatu, na tena saa nne."

Mchungaji alimwekea Baba mikono akaomba, na Baba akasema Amina kwa sauti ya mzee wa kanisa. Kisha akanigeukia akaniuliza taratibu, "Huyu ni nani? Amekuja kusoma jina langu?"

Nilimpigia dada simu. Nilimwambia Baba anamwomba msamaha kila siku na kwamba nimekuwa nikiutoa badala yake. Alisema atakuja. Ilimchukua miezi mitatu kuja. Nilimpokea Nyabugogo, stendi ya mabasi, akiwa na begi dogo na mvi ambazo sikuzitegemea. Njia nzima hadi Gahanga tuliongea habari za mvua na bei ya nyumba mpya zinazojengwa kuelekea Bugesera.

Baba alikuwa barazani. Dada aliketi kwenye kigoda mbele yake akasema, "Baba, ni mimi," akataja jina lake.

Baba alimtazama kwa adabu kubwa. "Karibu, mama. Umetoka mbali?" Kisha akanishika mimi mkono. "Mwanangu, sikuja makaburini. Nilivaa koti. Nilivaa na viatu. Nisamehe."

Dada alikuwa anasikia. Sikuweza kusema lile neno mbele yake. Baba akarudia, akaukaza mkono wangu, nikamwambia dada, "Mwambie wewe. Tafadhali."

Aliinama karibu. Mwishowe alisema, "Basi, Baba. Basi."

"Asante, mama," Baba alimwambia. "Lakini nangoja la mwanangu." Akanitazama mimi. Nikalisema.

Baadaye tulikaa na dada nyuma ya nyumba, pale ninapopanda mboga. Nilimweleza. Nilisema Baba hakuniuliza, nilikwenda mwenyewe, na sababu yake ilikuwa kwaya. Nilikuwa nimelibeba miaka yote hiyo nikiamini kwamba siku nitakapolitoa kitu kitaanguka au kitafunguka.

"Najua," alisema. "Baba aliniambia jioni ileile. Alisema, mdogo wako ni mwaminifu kuliko wewe."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Ulitaka nifanye nini? Nawe utengwe?"

Nilimuuliza kama amenisamehe. Alifikiri kweli, sikuona hasira usoni pake. "Sijui nikudanganye vipi," alisema. "Nimejaribu. Huwa nasali, nasema nimemsamehe mdogo wangu, nimemsamehe Baba. Kisha naona mtoto wa mtu anaingia darasa la kwanza, narudi palepale nilipokuwa. Sikuchukii. Lakini lile unalolitaka sinalo."

"Na Baba?"

"Msamaha alionao ni wako. Wewe ndiye uliyempa."

Aliondoka kesho yake na basi la asubuhi. Alimuaga Baba kwa kumpa mkono, naye akamwambia asalimie watu wa kwao.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, Baba aliacha kuomba msamaha. Hakukuwa na siku fulani. Nilikuja tu kugundua kwamba wiki imepita bila neno hilo, kisha maneno mengine nayo yakaenda. Watu wa kanisa waliokuja kumwona walisema amepata amani. Mimi ninayemwogesha sijui kama ni amani. Anatazama ukuta. Nikimwambia "nimekusamehe, Baba," na nimejaribu mara kadhaa, hageuki. Nilidhani nitafurahi kupumzika. Badala yake niligundua kwamba katika zile mara nane kwa siku nilikuwa nalisikiliza lile neno kwa ajili yangu mwenyewe, kana kwamba likisemwa mara nyingi vya kutosha ndani ya nyumba moja litanipata na mimi.

Jumapili bado naenda kanisani. Nimeombewa kuhusu jambo hilo, nimelisomea, naweza kueleza fundisho la neema vizuri kuliko nilivyofundishwa, na darasa la kipaimara sasa nalifundisha mimi. Watoto wanauliza maswali. Nawajibu kama kitabu kinavyosema, kwa sababu sidhani kama nina haki ya kuwapa majibu yangu.

Dada hutuma ujumbe kila Jumatatu. Anauliza, "Anakula?" Nami najibu, "Kidogo."