Ubeti Alioufuta Weldon

Weldon Kigen alikuwa mtunzi wa nyimbo tangu akiwa kijana wa kubeba mbao kiwandani Elburgon. Kwaya ya kanisa ilikuwa ikiimba nyimbo zake, na hakuwa na shaka kwamba ipo siku zingemtoa kimaisha. Kwa hiyo aliposikia kuna prodyuza Nakuru anayeitwa Kabiru, ambaye Jumamosi husikiliza watunzi wapya na kuwatafutia waimbaji, alifunga safari. Alimwomba rafiki yake Nicodemus amsindikize.

Nicodemus alikuwa mnoaji wa misumeno. Maishani mwake alikuwa ametunga wimbo mmoja tu.

Kabiru alimsikiliza Weldon hadi katikati, akamsimamisha.

"Boss, sauti iko sawa. Lakini unanihubiria. Wewe mwenyewe sikuoni humo ndani."

Kisha akamgeukia Nicodemus. "Na wewe?"

Nicodemus akaimba, kwa haya, kuhusu babake aliyezibwa masikio na kelele za kiwanda, ambaye sasa humwekea mwanawe kiganja kifuani ili auhisi wimbo anaoimba.

"Ni mrefu," Kabiru akasema. "Upunguze, urudi Jumamosi. Jerop anatafuta wimbo kama huu."

Jerop! Mwimbaji ambaye Weldon alikuwa amemtungia nyimbo kichwani miaka yote. Njia nzima ya kurudi aliangalia nje ya dirisha.

"Wewe ndiye unajua hii kazi," Nicodemus akamwambia. "Nipunguze wapi?"

Weldon alijua ubeti wa pili ndio mtamu kuliko yote, ule wa mzee kuitwa jina lake na kutogeuka. Alikuwa karibu kulia alipousikia.

"Toa ubeti wa pili," akajibu. "Unachosha."

Nicodemus akamshukuru.

Jumamosi ilipofika, Kabiru alipiga meza kwa furaha. Bila ubeti ule, alisema, mtu anafika kwenye kile kiganja kabla hajajitayarisha. Nani alimshauri? Nicodemus akamwonyesha Weldon kwa kidole, akicheka kama mtoto.

Jerop aliurekodi. Redioni mtangazaji akawataja watunzi wawili, kwa kuwa Nicodemus alikataa katakata jina lake liwe peke yake. Kiwandani watu walimpa Weldon mkono. Yeye alitabasamu, akaenda nyuma ya rundo la mbao, akakaa huko mpaka wimbo ukaisha redioni. Sifa yote aliyoitamani alikuwa ameipata, na kila neno lilimchoma. Hakumwambia Nicodemus ukweli. Mara mbili alianza, na mara zote mbili Nicodemus akamkatiza kwa shukrani.

Kabiru ndiye aliyempigia Weldon simu. "Una sikio, bro. Njoo unisaidie na nyimbo za hawa wengine."

Siku hizi Weldon yuko studio kila Jumamosi. Watunzi wanamheshimu. Hawajui kwamba wimbo mzuri bado humtia uchungu, na kwamba shauri la kwanza linalomjia ni la kuuharibu.

Juzi alikuja msichana kutoka Keringet, Jebet, akaimba huku akitazama sakafu. Alipomaliza akauliza, "Nibadilishe nini, mwalimu?"

Weldon akamwomba aurudie. Akausikiliza tena, mikono ameikunja.

"Usiguse kitu," akasema mwishowe, na akatoka nje kupunga hewa.